Anayewapokea wanaokuja Haeinsa peke yao

Basi la saa nane mchana kutoka jiji la Daegu linaingia kituo cha Haeinsa, hekalu la mlimani, na abiria saba. Pyo Bunnam, mwanamke wa miaka sabini na mbili, anasogea karibu na mlango wake akiwa amekumbatia kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino mweusi: VYUMBA. SAKAFU INA MOTO.

Hapigi kelele. Hamvuti mtu mkoba. Anawatazama wanavyoshuka, kisha anaanza kuongea kwa sauti ya chini kama mtu anayejisemea.

"Hao wawili wa viatu vya mlima hawalali, watarudi na basi la jioni. Yule mama na wanawe wameshapata hoteli, simu ndiyo inayomwongoza. Huyo kijana anakwenda kulala ndani kwa watawa, tazama alivyoshika mkoba, kama mwanafunzi siku ya kwanza."

Na yule mzee wa nyuma? tunamuuliza.

"Yule fundi bomba. Ni wa hapa hapa."

Basi linageuza na kuondoka. Upepo wa Januari unashuka kutoka Mlima Gaya na kuzipeperusha ncha za kitambaa chake cha kichwa. Bunnam analiweka boksi kwapani.

Ng'ambo ya barabara, mlangoni pa mgahawa wa supu na mboga za mlimani, Tak Gannan amesimama, mikono kaificha ndani ya aproni. Ni jirani yake kwa miaka arobaini sasa, na rafiki yake, ingawa hakuna kati yao anayelikubali neno hilo.

"Mama Hyangmi, njoo unywe kitu cha moto," anaita. "Hao hawakutaki."

"Na wewe wamekutaka?"

"Mimi nauza supu. Hakuna anayekunywa supu kwenye simu."

Zamani nyumba za wageni katika mtaa huu zilikuwa tisa. Leo zimebaki mbili, ya Bunnam na ya Tak, na ya Tak hufunguliwa mwenyewe akipenda. Anayekuja Haeinsa siku hizi huwa ameshachagua pa kulala kabla hajatoka kwake. Wapo wanaolala hekaluni, wakapewa nguo za kijivu na kuamshwa na ngoma kabla ya alfajiri. Wengi hupanda hoteli ya juu, yenye lifti na vitanda na bafu kubwa la maji moto ambamo watoto hawataki kutoka. Nyumba ya Bunnam haimo katika kuchagua huko, maana haimo kwenye simu.

Chumba kwake ni won elfu arobaini kwa usiku, pamoja na chakula cha asubuhi. Majira ya baridi wiki mbili zinaweza kupita bila mlango wa chumba hata kimoja kufunguliwa. Kinachomfikisha mwisho wa mwezi ni posho ya wazee, pamoja na kabichi zake mwenyewe zilizochachuka kwenye mitungi nyuma ya jiko.

Lakini kila siku yuko kituoni. Anasema wapo wageni ambao hoteli haiwafai na hekalu haliwafai.

"Waliokuja peke yao," anasema.

Tumekaa jikoni kwake. Anamenya vitunguu saumu, na sakafu, inayopashwa na boila kutoka chini, ina moto kweli, mpaka mtu anabadilisha mkao kila baada ya muda.

"Mtu aliye peke yake anaogopwa. Hasa baridi ikianza. Hasa asiye na mzigo. Mwenye nyumba anajiuliza, huyu amekuja kulala au amekuja kujimaliza? Asubuhi nitamkuta vipi? Basi anamwambia vyumba vimejaa. Hata hapa mtaani. Muulize Tak."

Tak, ambaye amevuka barabara na sufuria ya viazi vitamu bila kualikwa, haoni haya.

"Nilishamkuta mmoja," anasema. "Mwaka ule wa kimbunga. Alikuwa hajafa, ila alikuwa ametaka. Nilimbeba mgongoni mpaka kwenye gari. Toka siku ile, ukija peke yako nakuuliza mwenzako yuko wapi. Ukisema huna mwenzako, na mimi sina chumba."

"Ana vyumba sita huyu," anasema Bunnam.

"Vimejaa maboga."

Bunnam alizaliwa Geochang, upande wa pili wa milima, akaolewa akiwa na miaka ishirini na mmoja. Mumewe, Yeom Gilsu, alikuwa seremala. Ndiye aliyejenga vyumba vinne vya wageni nyuma ya nyumba yao, na kwa miaka kumi havikuwahi kulala vitupu. Walikuja maharusi, kwa sababu kwenda Haeinsa ndiyo ilikuwa fungate ya mtu asiye na pesa. Walikuja wanafunzi, wakalala kichwa huku miguu kule kama samaki kwenye kopo, wakamwaga maji, wakaiba boga.

Mtoto wao wa pekee, Hyangmi, alipofika miaka minane, Gilsu alikwenda Ulsan kutafuta kazi kwenye viwanda vya meli. Mwanzoni alirudi kila mwezi. Kisha akawa anarudi mwaka mpya. Kisha barua.

"Hakunipiga, hakunitukana," anasema Bunnam. "Alichelewa tu kurudi, akaendelea kuchelewa."

Zilipita karibu miaka ishirini ndipo binamu mmoja alipopiga simu. Gilsu amefariki. Ulsan alikuwa na mke na watoto wawili wa kiume. Ibada ya siku ya arobaini na tisa, ile ya mwisho ya kumuaga, ingefanyika katika hekalu kubwa la pwani.

Hyangmi, wakati huo ameshaolewa na anaishi Changwon, aliambiwa habari ya ibada tu, akajibu kwa neno moja: hapana. Baba yake, alisema, alikufa zamani sana.

Bunnam alikwenda peke yake. Alimwambia jirani yake Tak kwamba anakwenda kung'oa jino.

"Akarudi na meno yote," anasema Tak akiwa ameinamia viazi. "Sikuuliza."

Alifika pwani jua likizama, mwezi wa pili, bila mzigo zaidi ya mfuko wenye shati jipya la mwanamume. Kwenye ibada hiyo nguo za marehemu huchomwa ili aondoke nazo, naye alitaka Gilsu aondoke na moja kutoka kwake. Kando ya hekalu kulikuwa na nyumba za wageni mtaa mzima. Aligonga ya kwanza.

"Mwanamke akafungua. Akaniuliza, umekuja na nani, mama? Nikasema peke yangu. Akanitazama mikono, akatazama mfuko. Akasema tumejaa. Nyuma yake naona vyumba, taa zote zimezimwa, hakuna hata kiatu mlangoni."

Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu alidanganya, akasema mumewe yuko nyuma anakuja. Mwenye nyumba akasema vizuri, tumsubiri. Wakasimama mlangoni wote wawili wakimsubiri. Baada ya muda Bunnam akainama, akaomba radhi, akaondoka.

Alilala ameketi katika chumba cha kusubiria mabasi. Asubuhi alisimama nyuma ya nguzo ya ukumbi wa ibada, akawaona wale vijana wawili. Mdogo alikuwa na masikio ya Gilsu. Mtawa alisoma majina ya wafiwa, na jina lake halikuwamo. Halikuweza kuwamo, hakuna aliyejua kwamba yupo. Kabla nguo hazijachomwa alikuwa ameshafika kituoni.

"Na yule mke wa Ulsan?" tunamuuliza.

Anachukua kitunguu kingine. "Alikuwa amechoka. Nilidhani nitamchukia. Nikaona ni mtu aliyechoka tu."

Na shati?

"Nilirudi nalo."

Tangu mwaka ule, anayeshuka kwenye basi peke yake anapata chumba kwa Bunnam, awe na mzigo au asiwe nao. Haulizi mwenzake yuko wapi. Wamepita kwake wajane, kina mama wanaowaombea watoto wao wafaulu mitihani, msichana aliyevunja uchumba, na mwanajeshi mstaafu aliyekaa wiki nzima bila kusema neno, akaondoka akiwa amempasulia kuni za mwezi mzima. Wengi hawarudi. Na yeye hawategemei.

Ila mmoja alirudi, na habari zake ndizo Tak anazozitumia kumtania mpaka leo.

Ma Doshik ni dereva mstaafu wa mabasi ya jiji la Daegu, mwenye miaka sitini na sita. Novemba iliyopita mkewe, Sim Gyesun, alifariki kwa maradhi ya ini. Gyesun alikuwa ameomba ibada zake zote saba, moja kila wiki, zifanyike Haeinsa. Doshik angeweza kuja na basi la asubuhi na kurudi siku hiyo hiyo. Hakutaka.

"Usiku wa kuamkia ibada ndio mbaya," alisema tulipompigia simu. "Tuna friji linalonguruma. Miaka yote sikuwahi kulisikia."

Alishuka kituoni na mfuko wa plastiki wenye taulo, akaenda moja kwa moja kwa Tak kwa sababu harufu ya supu ilimvuta.

"Mwenzako yuko wapi?" Tak akamuuliza, kama kawaida yake.

"Amefariki."

Tak anakiri kwamba hapo alisita. Halafu akasema vyumba vimejaa. Doshik akabaki amesimama barabarani, hajui ageukie wapi, ndipo sauti ikatoka ng'ambo: "Huku kuna chumba. Vua viatu, vua na soksi, zimelowa."

Wiki ile ya kwanza hakula. Wali, supu ya maharage, figili, kila kitu kilirudi jikoni kama kilivyokwenda. Bunnam hakumsihi.

"Mtu mzima ukimwambia kula, unamfanya mtoto. Nilichofanya nilichukua sinia langu, nikakaa barazani nje ya mlango wake, nikala. Ninatafuna kwa kelele mimi. Basi atafuniwe asikie."

Wiki ya pili alikula nusu. Wiki ya tatu alimaliza, akatoka barazani na bakuli tupu, akaketi.

"Mama, nyumba hii ina umri gani?" aliuliza.

"Inakaribia hamsini. Kwa nini?"

"Tulipooana tulikuja hapa, siku mbili. Tulilala kwenye nyumba yenye ngazi za mawe zinazoshuka mpaka kijitoni. Mke wangu akaenda kufua soksi zangu pale. Nikamwambia acha, hii ni fungate. Akasema soksi hazijui fungate." Akaligeuza bakuli mkononi. "Nimekuwa nikijiambia ndiyo hii."

"Hapa hakuna ngazi."

"Labda zilifukiwa."

Bunnam anasema hapo alielewa. Mtu yule alikuwa anamwomba aseme ndiyo. Ilikuwa rahisi. Hakuna ambaye angeumia, naye angepata mgeni mpaka ibada ya mwisho, mtu wa kula naye barazani.

"Lakini nikafikiri, huyu anamuaga mkewe. Mimi ni nani wa kumwonyesha mahali pasipo penyewe? Nikamwambia siyo hii, baba. Nyumba ya ngazi ilikuwa ya mzee Bang, kule juu. Ilivunjwa. Palipokuwa na nyumba ndipo ilipo hoteli."

Doshik alishukuru. Aliosha bakuli lake mwenyewe.

Wiki iliyofuata basi lilipofika, Bunnam alikuwa ameshawasha boila tangu asubuhi na chumba kilikuwa na joto. Doshik alishuka, akamwona, akainama sana kumsalimu. Kisha akashika barabara ya kupanda hotelini.

"Mgeni wako kapanda cheo," Tak akaita kutoka mlangoni.

Bunnam aliingia kwake akafunga mlango. Tak anasema ndipo alipojua kwamba utani umekwenda pabaya.

Haikuwa mara ya kwanza hoteli ile kumchukulia mtu. Hyangmi huja mara moja kwa mwaka, vuli, majani yanapogeuka mekundu na hekalu likajaa watu. Huja na mumewe na watoto wawili. Wanakula kwa Bunnam mchana, wanacheka, wanapiga picha. Jioni wanapanda juu kulala. Watoto wamezoea kitanda, anasema Hyangmi, na mume ana mgongo. Bunnam huwasindikiza mpaka kwenye kona ya barabara. Chumba alichozaliwa Hyangmi kina godoro safi, limekunjwa, na hajalilalia kwa miaka kumi na moja.

"Si ubaya," anasema Bunnam. "Hotelini kuna bafu."

Doshik alilala hotelini wiki ile, na iliyofuata, na iliyofuata tena. Kwenye simu alieleza kwa aibu kidogo.

"Nilitaka kulala pale alipolala. Wakanipa ghorofa ya tatu. Nikatazama dirishani, nikaona kijito kiko chini kabisa. Nyumba ya mzee Bang ilikuwa ya chini, unaelewa? Mimi nilikuwa juu ya paa lake. Nilikuwa nalala hewani."

Kwa nini hakurudi kwa Bunnam?

"Unarudije? Unamwambia nini mtu? Nilikuacha, sasa hoteli imenishinda?"

Ibada ya sita iliangukia siku fupi kuliko zote za mwaka, siku ambayo kila nyumba hupika uji wa maharage mekundu kufukuza mabaya. Bunnam alipika sufuria kubwa kama alivyozoea enzi za wanafunzi. Akala bakuli moja. Akampelekea Tak moja. Ukabaki mwingi. Akachota chungu kidogo, akakifunga kwa kitambaa, akapanda nao hotelini. Hakuingia, viatu vyake vya mpira vilikuwa na matope. Alikiacha kwa kijana wa mapokezi, akasema ni wa mzee kutoka Daegu aliye peke yake. Hakutaja jina.

"Nilimjua kwa chumvi," alisema Doshik. "Mkono wake hauna huruma kwenye chumvi."

Wiki ya mwisho alishuka kwenye basi akifuatana na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, wakitembea kama watu waliokutana njiani. Huyo ni binti yake, Seulgi. Seulgi ni mtu wa kanisani. Mama yake alipofariki alimwombea kwa njia yake, akamwambia baba yake kwamba mambo ya hekaluni hayamhusu, na maneno mengine ambayo baba na binti wote wawili hawakutaka kuyarudia. Kwa wiki sita hawakuonana. Kisha akapiga simu akauliza ya mwisho ni lini.

Pale kituoni Seulgi ndiye aliyemsogelea Bunnam.

"Wewe ndiye mama wa uji?"

"Ndimi."

"Una vyumba viwili?"

"Nina vinne," alisema Bunnam. "Lakini kwa baridi hii boila inatosha chumba kimoja."

Boila ilikuwa nzima. Bunnam anasema hivyo sasa akitazama vitunguu vyake. Hakupanga kudanganya, anasema. Alimwona binti amesimama mbali na baba yake, mkoba ameuweka katikati yao kama ukuta, na maneno yakatoka.

"Hilo msiandike," anasema. Halafu, "Au andikeni. Wameshajua."

Basi wakatandika magodoro yao, moja ukutani huku, jingine ukutani kule. Bunnam akawaletea chakula akaenda jikoni. Kwa muda mrefu hakusikia kitu. Alidhani amekosea. Kisha akasikia sauti ya mzee, taratibu, ikisimulia, na baada ya hapo binti anacheka.

"Nilimweleza habari ya soksi," alisema Doshik. "Hakuwa anaijua. Hakujua kama mama yake aliwahi hata kufika hapa akiwa msichana. Akacheka, akalia. Halafu akaniambia ninakoroma, ndiyo maana mama alikuwa anakwenda kulala sebuleni. Mimi miaka yote nilidhani anapenda televisheni."

Asubuhi Seulgi alipanda hekaluni na baba yake. Hakuingia kwenye ukumbi wa ibada na hakuinama. Alibaki nje kwenye barafu mpaka mwisho, na viatu vya baba yake amevitia ndani ya koti lake, kifuani, ili avikute vina joto. Nguo zilipochomwa, alitoa sweta ya marehemu mama yake, akaitia motoni kwa mkono wake.

Kabla ya kupanda basi la kurudi Daegu alimshika Bunnam mkono.

"Mama, umekaa hapa unapokea wafiwa wa watu. Na wewe nani wako?"

Bunnam alimwambia basi linaondoka.

Tangu siku ile Doshik hajafika tena. Ibada zimekwisha, hana sababu. Kwenye simu alisema atakuja theluji ikiyeyuka. Tulipomfikishia salamu hizo, Bunnam alitikisa kichwa bila uchungu.

"Wote husema theluji ikiyeyuka. Ni adabu hiyo. Huyu alikula vizuri akaondoka na mwanawe, inatosha." Akamenya kitunguu kimoja kizima kabla hajaendelea. "Ila nilizoea kula barazani. Juzi nimekuta nimeweka masinia mawili."

Tak aliinamia sufuria, akachagua. Alisogeza kiazi kikubwa upande wa Bunnam.

Hyangmi anataka mama yake ahamie Changwon baada ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, ambao ni wiki tatu zijazo. Ameshamtengea chumba, ghorofa ya kumi na nne, chenye kitanda. Amepata na mtu wa kununua kiwanja. Bunnam hajakubali na hajakataa.

"Nikienda, atakayeshuka peke yake atalala wapi?" anasema.

"Nitamuuliza mwenzake yuko wapi," anasema Tak.

"Akisema hana?"

Tak anatafuna kiazi. "Basi nitayatoa maboga kwenye chumba kimoja. Kimoja tu."

Wanacheka wote wawili, kidogo, wakiwa wametazama sakafu.

Wiki iliyopita, anasimulia Bunnam, alimpigia binti yake simu, akamwomba jambo ambalo hajawahi kumwomba. Mwaka mpya huu aje, alale hapa. Siku moja. Watoto waende hotelini na baba yao kama ni lazima.

"Akasema tutaona, mama. Nikasema sawa, tutaona."

Anacho cha kumwambia. Hyangmi hajui mpaka leo kwamba mama yake alikwenda pwani. Hajui kuhusu milango mitatu, wala nguzo, wala wadogo zake wawili ambao sasa ni watu wazima huko Ulsan, mmoja ana masikio kama yake. Bunnam amekaa na habari hizo zaidi ya miaka ishirini, hakupata pa kuzisemea.

"Hazisemeki mezani watoto wanakula," anasema. "Hazisemeki kwenye simu. Nilimsikia yule mzee na binti yake nikajua zinasemekaje. Mmelala, huyu ukutani huku, huyu kule, hamtazamani. Hapo mtu anaweza kusema."

Tunamkumbusha kwamba habari hii itatoka gazetini, na gazeti linafika Changwon. Anayeweza kuisoma ni Hyangmi mwenyewe, kabla ya mwaka mpya.

Bunnam anafuta kisu kwenye aproni. Tak anaacha kutafuna.

"Andikeni," anasema mwishowe. "Na jina la baba yake liandikeni lote. Atapiga simu amekasirika, namjua. Nitamwambia usiniulize kwenye simu. Njoo, lala, nitakueleza."